Simu imechukua barua na pesa, bahasha ya kliniki bado iko njiani

Mtoto ana wiki sita. Muuguzi anamshika mguu, anamchoma kisigino mara moja, na kuacha matone ya damu yajaze duara tano zilizochorwa kwenye karatasi nene. Mtoto analia, mama anampa ziwa, karatasi inawekwa kivulini ikauke. Ikishakauka inatiwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, halafu kwenye bahasha. Damu iliyokaushwa namna hiyo haihitaji barafu wala gari maalumu. Inasafiri kama barua.

Hivyo ndivyo watoto waliozaliwa na mama wenye VVU wamekuwa wakipimwa katika vituo vingi vya afya nchini. Kipimo cha haraka wanachotumia watu wazima hakiwafai kabla ya miezi 18, kwa kuwa mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, na kipimo hicho kinaweza kuonyesha ana maambukizi ilhali hana. Inabidi kitafutwe kirusi chenyewe, na kwa miaka mingi mashine ya kukitafuta haikuwa karibu. Kwa Kanda ya Ziwa ilikuwa katika maabara ya Hospitali ya Bugando, Mwanza. Bahasha ilitoka kituo cha afya hadi wilayani, ikaingia kwenye EMS, ile huduma ya haraka ya Posta, au kwenye basi, ikazunguka ziwa hadi Mwanza. Jibu nalo lilirudi kwa karatasi.

Wakati huo wote mama anasubiri, na mtoto mwenye VVU asiyepata dawa hana muda wa kusubiri. Karibu theluthi moja ya watoto wa aina hiyo hufariki kabla ya kutimiza mwaka, na nusu kabla ya miaka miwili. Bahasha ikilala kwenye rafu wiki tatu, kwake ni wiki tatu bila dawa.

Ni vizuri kuikumbuka bahasha hiyo kila inaposemwa, na siku hizi inasemwa sana, kwamba Posta imepitwa na wakati. Barua za salamu kweli zimehamia kwenye simu. Pesa nazo zimehama. Lakini vipo vitu visivyopita hewani, na mara nyingi ndivyo familia isivyoweza kuvipoteza: damu, dawa, hati ya shamba, cheti halisi cha kuzaliwa. Kwa familia za Bukoba na Muleba, ambazo nyingi zina mtoto au ndugu Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo, swali ni nani anavibeba sasa, na vikipotea anaulizwa nani.

Meli ya barua

Bukoba iko zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dar es Salaam, na kwa miaka mingi njia yake ya uhakika ilikuwa maji. Meli ya mv Victoria, iliyoanza safari mwaka 1961, mwanzoni iliitwa RMS Victoria, herufi ambazo Waingereza waliziweka kwenye meli zilizobeba barua za Posta yao ya Kifalme. Wengi wanaikumbuka kwa abiria na mikungu ya ndizi iliyopakiwa Kemondo, lakini herufi hizo za kwanza zilitokana na barua. Meli hiyo ilisimama mwaka 2014, ikakarabatiwa, ikarudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Iliporudi, barua haikuwa tena sababu ya mtu kwenda kuisubiri gatini.

Kwa hakika ushindani kati ya karatasi na mawimbi ya hewa si mgeni mjini hapo. Juni 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa kutoka Kisumu na kuishambulia Bukoba, na lengo lao kubwa lilikuwa kuharibu kituo cha Wajerumani cha simu ya upepo. Leo minara imejaa vilimani na hakuna anayeishangaa.

Baada ya uhuru, hata baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, barua na simu ziliendelea kukaa nyumba moja, chini ya shirika moja la Posta na Simu. Zilitengana mwanzoni mwa mwaka 1994, Shirika la Posta Tanzania likabaki na barua na vifurushi, simu zikaenda TTCL. Waliokuwa ndugu wakawa washindani, ingawa wakati huo ni wachache waliodhani hivyo, maana simu yenyewe ilikuwa ya waya na waya ulikuwa haufiki kijijini.

Kijijini hata barua haikufika mlangoni. Ilifika kwenye sanduku, na sanduku lenyewe lilikuwa la shule ya msingi, la parokia, la usharika, la chama cha msingi cha kahawa au la hospitali. Mwalimu aliyetoka mjini na mfuko wa barua aliita majina mstarini, mwanafunzi akakimbia na bahasha nyumbani, na bibi asiyejua kusoma akasomewa na mjukuu. Ukweli usemwe, siri haikuwepo. Mjukuu wa darasa la tano alijua nani ameugua Dar es Salaam, nani ana mimba na nani anadaiwa.

Habari za msiba hazikusubiri sanduku. Zilikwenda kwa simu ya maandishi, au zilisomwa Radio Tanzania katika matangazo ya vifo, kwa sababu Mhaya huzikwa kwao, kibanjani, na ndugu lazima wafike. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi iliyofuata matangazo ya namna hiyo yaliingia nyumba nyingi za mkoa huu. Yaliwaachia babu na bibi wajukuu wa kulea, na walezi hao wakaanza kutegemea kitu kidogo kutoka kwa mtoto aliyebaki mjini. Kitu kidogo hicho kilikuja kwa hawala ya Posta.

Pesa ya bibi

Hawala ilikuwa kazi. Anayetuma anapanga foleni Dar es Salaam, karatasi inasafiri, anayepokea anapewa taarifa, anapanda gari kutoka kijijini hadi Muleba au Bukoba, anaonyesha kitambulisho, anatia sahihi au dole gumba. Nauli peke yake ilikuwa inakula sehemu ya hawala. Lakini pesa ilimkuta mwenyewe. Karani wa dirishani hakumpa mtu mwingine kwa kuwa tu anaijua namba fulani.

Aprili 2008 Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini, mitandao mingine ikafuata, na foleni ile ikaisha. Wanaosema Posta iliuawa na baruapepe wanasahau kwamba vijijini baruapepe haikuwahi kufika. Kilichofika ni wakala mwenye meza na mwavuli.

Kwa afya ya familia, hayo yalikuwa mapinduzi, na hakuna haja ya kuyapunguza. Mama anayeanza uchungu saa nane usiku hakuwahi kusaidiwa na hawala. Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza kuwatumia nauli kwa M-Pesa wanawake wenye fistula walioshindwa kusafiri kwenda kutibiwa. Matibabu yalikuwa bure, kilichokuwa kikiwafungia nyumbani ni tiketi ya basi. Baadaye ukaja mfumo wa m-mama, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kupelekwa nchi nzima kuanzia mwaka 2022. Familia inapiga 115 bila malipo, na pale gari la wagonjwa lisipopatikana, anaitwa dereva wa kawaida aliyeandikishwa, anayelipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama au mtoto mchanga hospitali. Posta isingeweza kufanya hivyo hata kama ingekuwa na ofisi kila kijiji.

Ila yule mjukuu aliyekuwa akisoma barua hakuondoka. Sasa anashika simu. Bibi ana kiswaswadu kinachofungwa kwenye pindo la kitenge, lakini ujumbe hasomi na namba ya siri haikumbuki, kwa hiyo namba hiyo anaijua mjukuu, au jirani, au wakala mwenyewe. Zamani mjukuu aliweza kuruka sentensi ya barua. Sasa anaweza kuruka elfu ishirini.

Na si kila bibi ana laini kwa jina lake. Usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia kikomo Januari 2020, ulidai namba ya kitambulisho cha NIDA, na vidole vilivyosuguliwa na jembe kwa miaka 50 havisomeki kwa urahisi kwenye mashine. Laini ikasajiliwa kwa jina la mtoto au la mjukuu. Siku mtu huyo akihama, wakigombana au akifariki, pesa ya dawa ya presha ya bibi iko kwenye akaunti ambayo kisheria si yake. Hili ni jambo la kuulizana wakati wa Krismasi, familia zinapokutana nyumbani, kabla halijawa kesi. Inafaa kuchunguza pia kama ujumbe unaofika unaonekana hata kabla simu haijafunguliwa.

Gharama nayo haikukimbia. Julai 2021 serikali iliweka tozo kwenye miamala ya simu, wananchi wakalalamika, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, na baadaye ikapunguzwa tena. Kwa miezi ile watu walirudi kumpa dereva wa basi bahasha yenye noti, kama enzi ambazo hakukuwa na chochote.

Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la KwaWazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee, wengi wao wakilea yatima, pensheni ndogo ya kila mwezi ya fedha taslimu. Haikuwa fedha nyingi. Lakini mzee aliipokea akiijua ni kiasi gani, na hilo ndilo hawala ya zamani iliyokuwa nalo na simu ya kuazima haina.

Kwenye buti la basi

Vifurushi vilichukuliwa na mabasi. Basi linaloondoka Bukoba asubuhi linapita Muleba likiwa na abiria juu na nusu ya maisha ya ukoo chini: ndoo za senene msimu ukifika, kahawa ya kutafuna, ndizi, samaki wakavu. Linalorudi linaleta sare za shule, simu zilizotengenezwa Kariakoo, na mara nyingi dawa. Jina na namba ya simu vimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi. Mpokeaji anapigiwa, anafika stendi, anachukua.

Ni haraka na ni rahisi, na Posta haikuwa na jibu kwa muda mrefu. Lakini anayebeba vifurushi na vipeto vya watu kwa malipo anatakiwa awe na leseni ya TCRA, na mamlaka hiyo imekuwa ikiwakumbusha wenye mabasi mara kwa mara. Abiria wengi hawaulizi. Hawaulizi hata risiti, mpaka boksi linaposhuka Kahama badala ya Muleba na konda wa zamu ile yuko safarini kuelekea kwingine.

Boksi la viatu likichelewa, mtu anakasirika. Boksi la insulini likichelewa ni jambo jingine. Insulini ambayo haijaanza kutumika hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, isigande wala isipate joto, na buti la basi lililopaki juani Singida si mahali pake. Ubaya wake ni kwamba insulini iliyoharibika kwa joto inaweza kuonekana sawasawa na nzima. Mgonjwa anajichoma kama kawaida, sukari haishuki, na familia inadhani amekula vibaya. Kabla ya kumtumia mzazi dawa hiyo kutoka Dar es Salaam, ni afadhali kuuliza kwanza kama inapatikana hospitali ya wilaya au duka la dawa la mjini, na kumtumia pesa. Hapo simu inashinda basi na Posta kwa pamoja.

Dawa za kufubaza VVU hazina tatizo la joto la namna hiyo, lakini nazo si za kutumwa kwenye boksi lenye jina lako ubavuni. Anayehamia mkoa mwingine anaweza kupewa barua ya uhamisho na kliniki yake, akaendelea kuchukua dawa aliko, na aliye imara hupewa za miezi kadhaa kwa mara moja. Barua hiyo ya uhamisho, kwa njia, ni moja ya barua chache ambazo mtu bado anaitunza kwenye pochi.

Nyingine zimekufa. Fomu za kujiunga na kidato cha tano zinapakuliwa mtandaoni na kuchapwa stesheneri. Waombaji wa mikopo ya elimu ya juu, waliokuwa wakijaza kaunta za Posta kila mwaka na bahasha zao za EMS kwenda Bodi ya Mikopo, sasa wanapakia nyaraka kwenye mfumo. Kwa mzazi wa Muleba hiyo ni nauli iliyookolewa. Kwa kaunta ile ni msimu mzima uliopotea.

Posta haikukaa tu. Operesheni ya anwani za makazi, iliyofanyika mwaka 2022 kabla ya sensa, ilizipa nyumba namba na mitaa majina, na Kagera ina postikodi zinazoanza na 35. Posta Kiganjani inaifanya namba ya simu iwe sanduku la posta, mtu akapewa taarifa mzigo wake ukifika. Ni hatua za maana, hasa kwa mjini. Kwenye miteremko ya Kamachumu, ambako nyumba zimefichwa na migomba, anayeleta kitu bado anapiga simu na kuelekezwa kwa mti mkubwa na duka la fulani, na mara nyingi anayeleta ni bodaboda.

Nchi tajiri nazo zimelemewa. Shirika la posta la Denmark, lenye historia ya miaka 400, lilitangaza Machi 2025 kwamba litaacha kupeleka barua mwishoni mwa mwaka huo, kwa kuwa barua zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka 2000. Walioguswa zaidi huko ni walewale, wazee wasiotumia mtandao.

Msomaji anapomfuata mwandishi

Turudi kwenye bahasha ya damu. Nayo ina washindani wapya, na safari hii ni wa kushangilia. Mashine ndogo kama GeneXpert, zilizoanza kujulikana kwa kupima kifua kikuu, zinaweza kumpima mtoto mchanga VVU karibu na anapoishi na kutoa jibu siku ileile. Kila mashine inayofika hospitali ya wilaya inaondoa bahasha njiani. Kwa zinazobaki, barabara imefupishwa: daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na ushee, lilifunguliwa Juni 2025, na gari linalotoka Kagera kwenda Mwanza halipangi tena foleni ya kivuko.

Kagera imeuona umuhimu wa hayo kwa uchungu. Machi 2023, ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipothibitishwa Bukoba Vijijini, uthibitisho ulitoka maabara ya taifa Dar es Salaam, upande wa pili wa nchi. Januari 2025 ugonjwa huo ulipoibuka Biharamulo, sampuli zilipimwa kwanza katika maabara inayohamishika ya Kabaile, humo humo Kagera, kabla ya kuthibitishwa Dar es Salaam. Badala ya barua kusafiri kumtafuta msomaji, msomaji alisogezwa.

Visiwa ndivyo vigumu zaidi. Muleba ina kata nzima zilizo ndani ya ziwa, Bumbire, Goziba, Ikuza na Mazinga, na huko kila kitu kinachobebeka hupanda mtumbwi wa wavuvi au boti ya abiria, kikingoja upepo utulie. Mwaka 2018, upande wa Mwanza, ndege isiyo na rubani ilijaribiwa kupeleka dawa Ukerewe, umbali wa kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Yalikuwa majaribio ya miezi sita. Mwaloni Muleba, sampuli inaingia kwenye boksi, boksi linafungwa kwenye mfuko wasije wakalirushia maji, na anayelipokea anatakiwa kuandika jina lake na saa.

Majibu yakitoka, mara nyingi kliniki humpigia mama simu aje. Wahudumu makini hawataji ugonjwa. Husema tu kwamba mtoto anahitajika. Wanajua simu inaweza kupokelewa na mume ambaye hajaambiwa, na mama aliyeandikisha namba ya shemeji kwa sababu yake haina chaji anaweza kukosa taarifa kabisa. Mama akiulizwa namba kliniki, ana haki ya kusema hiyo si yangu, na kupanga na muuguzi siku ya kuja mwenyewe.

Kwenye fomu nyingi nafasi ya S.L.P. bado imechapwa, juu ya ile ya simu. Wengi huiacha wazi. Wachache, hasa wazee waliokuja na wajukuu, huandika sanduku la shule ya msingi ya kijijini kwao, namba wanayoikumbuka bila kutazama popote.